Karanga Ndani ya Akaibo

Tulimzika shangazi Anastazia Jumamosi, Rugera, pembeni mwa migomba yake mwenyewe, na mimi nilifika msibani na ndoo ndogo ya karanga za sukari. Kwetu mtu anayekwenda kwenye msiba hubeba mkungu wa ndizi, maharage, au kuni kama anatoka karibu. Hakuna anayebeba kitu cha kutafuna kwa raha. Nilipoiweka ile ndoo kwenye benchi la jikoni, mdogo wangu Koku, ambaye sasa ni muuguzi Mwanza na alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi ileile, alifunua kifuniko, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada Jeni, harusi ya nani?" Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakacheka, kisha wakakumbuka tuko wapi, wakarudia ndizi zao. Nilijua anajua. Alikuwa na miaka sita mwaka ule, lakini kuna mambo ambayo mtoto wa miaka sita huyahifadhi kuliko mtu mzima, na jambo la sukari ni mojawapo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alifariki mvua za masika zikiwa katikati, baba alikuwa ametangulia, na nyumbani tukabaki watatu: mimi, Asimwe wa miaka kumi na mmoja, na Koku. Nilikuwa kidato cha pili. Mwezi mmoja baada ya matanga niliacha shule, wala hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi moja nilivaa sketi ya shule, nikapika uji, nikamsubiri Koku amalize kunywa, naye akanywa taratibu kama mtu anayejua kikombe kikiisha nitaondoka. Nilipoangalia nje jua lilikuwa limeshapanda juu ya mibuni. Nikavua sketi, nikaikunja, nikaiweka juu ya sanduku la mama. Watu huniuliza kama nililia. Siku hiyo hapana, nilikuwa na maharage ya kupalilia.

Kazi niliipata Nkwenda, mwendo wa saa moja kwa miguu, nyumbani kwa Bi Zuhura. Mume wake alikuwa na duka la misumari, mabati na mafuta ya taa pale sokoni, na mama alizoea kuwapelekea ndizi mbivu. Wazazi wa Bi Zuhura walikuja huku kutoka Pangani zamani, yeye akazaliwa hapahapa na Runyambo, lugha yetu, aliisema vizuri kuliko vijana wengi wa leo, lakini jiko lake lilibaki la pwani. Lilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka, ukuta mmoja umeingia moshi mpaka unang'aa, na mlangoni pametundikwa pazia la maua ambalo halikumzuia mtu yeyote. Kulikuwa na harufu ya iliki hata siku ambayo hakuna aliyeitumia. Kwetu jikoni ni mahali pa kusubiri ndizi ziive. Kwake jikoni palikuwa na mazungumzo, naye alizungumza zaidi na sufuria. "Tulia wewe," aliiambia. "Nani kakufukuza?" Mimi nilichota maji, nikafua, nikasugua masinia, na mchana tulikula wali kwenye sinia moja, yeye na mimi, miguu imekunjwa kwenye mkeka. Chakula kilichobaki alikifunga kwenye bakuli lenye mfuniko na kunipa bila kusema ni cha nani. Akina Asimwe walijifunza kula pilau kabla hawajajua jina lake.

Karanga za sukari alizipika kila Ijumaa, na watoto wa sokoni walijua. Alichukua karanga mbichi, hakuzimenya ngozi, akazitia kwenye sufuria nzito pamoja na sukari na maji kidogo, vyote kwa mara moja, akakaa kwenye kigoda na mwiko. Mara ya kwanza nilipoachiwa mwiko, yeye alikwenda kuswali. Maji yalichemka, yakawa mazito, povu likawa kubwa kisha dogo, nami nikaona najua kazi. Halafu ghafla sukari ikakauka na kurudi kuwa sukari. Ilikuwa mchanga mweupe umezishika karanga, mkavu, mwingine umemwagika chini ya sufuria. Nikajua nimeharibu. Nikakimbilia ndoo, nikamimina kikombe kizima cha maji. Bi Zuhura alirudi ushungi bado haujakaa sawa, akachungulia. "Umefanya nini, mwanangu?" Nikamwambia zilikuwa zimeharibika, zimegeuka mchanga. "Lazima zigeuke mchanga! Hazijawahi kukataa kugeuka mchanga. Hapo ndipo watu wote wanapoikimbia sufuria." Akanikalisha, akapunguza makaa, tukasubiri maji yangu yakauke upya. Mchanga ukarudi. "Sasa usiguse maji. Koroga tu. Kaa hapo." Nikakoroga mpaka bega likauma, na polepole, kuanzia chini, ule mchanga ukaanza kulowa wenyewe bila tone la maji, ukawa kahawia, ukazivaa karanga moja moja. Zikawa zinagongana kwenye sinia kama kokoto za mtoni. Alinipa moja ikiwa bado inachoma, nikaunguza ulimi, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimepika karanga hizi maisha yangu yote. Nimewafundisha wasichana wengi pale kijijini, na kila mmoja hukimbilia maji pale pale. Nikiona mkono umekwenda kwenye ndoo, nauwekea mkono wangu juu.

Habari ya kugawanywa kwetu niliisikia kupitia lile pazia. Kahawa ilikuwa imekwisha kuvunwa, na aliyeivuna ya kwetu ni baba mdogo Laurenti wa Nyakakika, mdogo wake baba, ambaye alikuja na vijana wake wakaichuma yote mpaka mibuni ikabaki kama imenyolewa. Siku hiyo alikuwa dukani akichagua misumari. Mimi nilikuwa nyuma napepeta karanga. Nikamsikia anamwambia mume wa Bi Zuhura, kwa sauti ya mtu anayeeleza mpango mzuri, "Jumapili ukoo unakaa. Yule wa kiume nitakuwa naye, ana nguvu, nina mbuzi. Kale kadogo atakachukua dada yangu Anastazia, atapata wa kumsaidia nyumbani. Mkubwa ameshakua, atapata mume. Kibanja chao cha migomba na kahawa nitakiangalia mimi, kisigeuke pori." Mume wa Bi Zuhura akauliza kama watoto wenyewe wameambiwa. Baba mdogo akacheka kidogo. "Watoto huambiwa? Watoto huchukuliwa." Sikuwahi kumwona kama mtu mbaya, hata leo. Alikuwa na watoto saba na nyumba ya vyumba viwili, na alikuwa tayari kumwongeza wa nane. Lakini nilijua nikisikia vile kwamba nyumba ikishafungwa, watoto wakatawanyika, hakuna mtu atakayekuja kuifungua tena. Tungekuwa tunaonana misibani.

Bi Zuhura alinikuta nimeshika ungo bila kupepeta. Nikamweleza. Alifikiri, kisha akauliza kitu ambacho sikutegemea: "Kwenu wageni wakiingia, wanapewa nini kwanza?" Nikamwambia akamwani. Ni kahawa ya kutafuna. Huchumwa ikiwa bado mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, huanikwa siku nyingi, kisha hukaa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko tunachokiita akaibo. Mgeni akiingia, mwenye nyumba huleta akaibo, mgeni huchukua punje mbili tatu, hutafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Na anayeitoa ni mwenye nyumba, si mtoto, si jirani. Ukitafuna kutoka mkononi mwa mtu, umekubali kwamba umeingia kwake. "Basi wape," alisema. Nikamwambia mama aliumwa msimu wote, hakuandaa, iliyobaki iliishia kwenye matanga, na ile ya mitini ameimaliza baba mdogo. Bi Zuhura akafungua kabati, akapima sukari, akaifunga kwenye karatasi. "Karanga unazo shambani?" Ninazo. "Nenda. Jumapili usije hapa."

Jumapili nilipika alfajiri, jua linachomoza, na hazikunishinda. Zilitoka nzuri, kahawia, ngozi zinaonekana kwa ndani. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Bi Zuhura hakunionya, kwa sababu mtu wa makopo na masinia kama yeye asingeweza kulifikiria. Kwetu chakula cha mgeni hakikai wazi. Nilikata jani la mgomba, nikalipitisha motoni likalainika, nikazifunga karanga zikiwa bado na joto, nikakaza kwa ugwe wa mgomba kama mama alivyofunga kila kitu kizuri maishani mwake, nikaweka kifurushi juu ya chungu. Nikatandika nyasi mpya sebuleni. Nikamwosha Koku miguu. Asimwe alivaa shati lake la shule, akakaa kwenye kizingiti.

Walifika saa tano. Baba mdogo, Mzee Bitegeko aliyekuwa msemaji wa ukoo, wanaume wengine wanne, na shangazi Anastazia, amejitanda khanga mpaka kidevuni, mkono mmoja umeshika shavu. Nikawaamkia kwa kupiga magoti, mmoja mmoja. Shikamoo, shikamoo. Shangazi aliitikia kwa kichwa tu, nikasema moyoni, huyu ameshaamua, hata kunisemesha hataki. Nikaenda jikoni, nikafungua jani. Jani lilikuwa limetoa jasho. Sukari yote ilikuwa imelowa na kuwa uji wa kunata, karanga zimeshikana kama mayai ya chura, na kingo za kifurushi zilikuwa zinadondosha. Nilikaa chini kwenye majivu. Sebuleni nilisikia Mzee Bitegeko anakohoa, kikohozi cha mtu anayesubiri kupewa kitu, na baba mdogo anasema, "Tuanze tu. Nyumba haina mtu wa kutukaribisha."

Nilirudi sebuleni na mikono mitupu. Mpaka leo sijui miguu iliyonipeleka ilikuwa ya nani. Nikapiga magoti mlangoni. "Waitu, wazee wangu, msianze. Akamwani ya nyumba hii iko jikoni. Naomba mnisubiri kidogo."

"Akamwani?" Baba mdogo aliwageukia wenzake. "Kahawa nimevuna mimi kwa mkono wangu. Huyu anapika ya wapi, ya Uganda?" Wakacheka. Mmoja akasema mibuni ya kwetu labda imezaa tena kwa huruma. Mzee Bitegeko hakucheka. Alinitazama, akasema, "Mgeni hasubiri kahawa ikipikwa, binti yangu. Lakini jua bado liko juu. Fanya haraka."

Nikazirudisha karanga kwenye sufuria na maji kidogo ili sukari iliyonata ilainike. Sukari ilikuwa haitoshi, nyingi ilibaki imeshika jani. Nikageuka, nikamwona Koku nyuma ya mlango, ameshika ile karatasi ya Bi Zuhura, ndani yake kiganja kizima cha sukari ambacho alikuwa amekiiba na kukificha, akikilamba kidogo kidogo siku mbili nzima. Alinitazama, akanipa yote. Ndiyo maana nasema anajua. Nikakoroga. Povu likawa kubwa, likawa dogo. Shangazi Anastazia alikuja akasimama mlangoni, moshi ukimpiga usoni, hakuingia, hakutoka. Na kama kawaida, sukari ikakauka na kurudi mchanga.

"Imekufa hiyo," alisema shangazi, maneno yakitoka kama yamebanwa. "Itoe, mwanangu. Umejitahidi."

"Bado, shangazi."

"Nakuambia imekufa. Naiona."

"Itarudi. Haijawahi kukataa."

Shangazi alivuta kigoda cha mama, akaketi, akatazama sufuria pamoja na mimi. Sebuleni walikuwa wameanza kuzungumza mambo ya mvua. Nilivuta kuni mbili nje ili moto upungue, bega likaanza kuuma mahali palepale, na chini kabisa ya sufuria mchanga ukaanza kulowa. Nikamsikia shangazi akivuta pumzi. Nikazimwaga kwenye ungo, Koku akazipepea kwa jani mpaka zikapoa, safari hii wazi, bila kufunikwa na kitu. Zilizoungua zilikuwa kadhaa, nikaziacha humohumo. Nikazitia ndani ya akaibo ya mama, nikaweka kifuniko, nikaingia.

Nilianza na Mzee Bitegeko kwa umri, lakini baba mdogo alikuwa ameketi karibu zaidi, akanyoosha shingo na kuona kilichomo. "Njugu?" alisema. "Hizi ni za watoto. Mimi sitafuni njugu kwenye kikao cha ukoo." Akarudisha mkono wake gotini. Mzee Bitegeko alikuwa ameshainua wa kwake, naye akausitisha hewani. Nilibaki nimepiga magoti, kikapu mbele yangu, na nilielewa vizuri kabisa kwamba mkono ule ukirudi chini, Asimwe anakwenda Nyakakika na Koku anakwenda Rugera jioni ileile, na vifurushi vyao vidogo nitavifunga mimi.

Ndipo shangazi, aliyekuwa ameingia nyuma yangu, akainama juu ya bega langu na kuchukua karanga moja. Aliitia mdomoni. Alitafuna polepole sana, upande mmoja, mkono ameushika shavuni, na macho yake yakajaa machozi. Wote walimtazama. Nikadhani ni moshi wa jikoni, au amemkumbuka baba. Alimeza. Akachukua nyingine, akaitafuna vilevile mpaka mwisho, kisha akasema, "Laurenti, tafuna. Umeingia nyumba ya mtu."

Mzee Bitegeko akachukua punje tatu. Wengine wakafuata. Zilisikika sebule nzima zikivunjika menoni, na mmoja wao, yule aliyeitania mibuni, akaomba aongezwe. Baba mdogo alichukua mwisho kabisa, moja tu, akaitafuna akiangalia dirishani. Mzee Bitegeko akafuta vidole kwenye nyasi, akaniuliza mimi, si baba mdogo, "Haya, mwenye nyumba. Tunazungumza nini leo?"

Sitaki kusema kwamba kila kitu kilinyooka. Sehemu ya kibanja iliyo chini karibu na bondeni ilibaki kwa baba mdogo, na mpaka leo wanawe wanailima. Ilikubaliwa Asimwe aende kumsaidia kuchunga mbuzi kila likizo, na alikwenda, akarudi na maneno ya ukali ambayo yalichukua muda kumtoka. Shangazi alisema, "Nilikuja kumchukua Koku. Simchukui. Nitakuwa nakuja," na alikuja, kila mwezi, na mbegu au sabuni, mpaka Koku akawa mrefu kuliko mimi. Kuhusu mimi kurudi shule hakuna aliyetaja, nami sikutaja. Ile sketi iliyokunjwa juu ya sanduku niliifungua miaka saba baadaye, nikaipunguza kiuno, Koku akaivaa. Wapo wanaoniuliza kama najuta. Huwa nawaambia ukweli, kwamba kuna asubuhi ambazo nimejuta, hasa nikishika barua ya serikali na kuisoma mara tatu. Lakini tulilala chini ya paa moja, watatu, na kila aliyeondoka pale aliondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa miaka yote hiyo nimeamini kwamba ni karanga zilizotuokoa. Niliwaambia wadogo zangu hivyo, nikawaambia na wanangu. Nilijiona fundi. Ndiyo sababu nilizibeba mpaka Rugera.

Jumamosi jioni, wageni wengi wakiwa wameondoka, nilikuwa jikoni kwa marehemu nikiosha masufuria pamoja na binti yake, Levina. Tuna umri unaokaribiana. Aliitazama ile ndoo, akatabasamu. "Hizi ndizo zilizomvimbisha mama?"

Nikamwuliza kumvimbisha vipi.

"Hukujua? Alipotoka kwenu kwenye kile kikao. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameng'olewa magego mawili pale zahanati, akaambiwa wiki nzima uji tu. Jumapili akarudi jioni damu iko kwenye khanga, shavu limekuwa hivi." Akaonyesha kwa mkono. "Baba alimgombeza, mama we, umekula nini? Akasema kuna nyumba amepita, alikaribishwa na mwenyewe, asingeweza kukataa. Hakufungua mdomo tena siku tatu."

Niliweka sufuria chini. Koku alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kikombe, na kwa uso wake nilijua na yeye ndiyo kwanza anasikia. Levina alileta akaibo ya mama yake, ya zamani, kifuniko kimelegea, akaijaza kutoka kwenye ndoo yangu na kutunyooshea, kwa kuwa sasa nyumba ile ilikuwa yake. Koku akachukua. Nami nikachukua moja, nikaitafuna polepole, upande mmoja wa mdomo, mpaka ikaisha.